Usiyapake mawe yako vanishi

Shangani, Mtwara

Ndugu yangu mwalimu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, wazee wanakusalimu. Barua yako nimeipata, na nilipofika pale ulipoandika kwamba umenunua vanishi ya kung'arishia mawe ya darasa lako, nikashika kalamu papo hapo. Tafadhali, vanishi hiyo ipake meza.

Kila jiwe lina mng'ao wake. Kwatzi (quartz) ina mng'ao wa kioo, kinywe (grafiti, ile ya risasi ya penseli) wa metali, jasi ya nyuzinyuzi wa hariri. Ukiyapaka yote, yatang'aa namna moja, na mwanafunzi atakosa alama muhimu ya kuyatambulia madini. Tena vanishi huingia umanjano kadiri inavyozeeka, na kuitoa kwenye nyufa ni kazi pevu.

Jiwe linapendeza likiwa safi, ila kila moja na uoshaji wake. Kwatzi yako ya Ruangwa haina taabu, ni ngumu, daraja la 7 kati ya 10 kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini. Iloweke usiku kucha kwenye maji ya sabuni, isugue kwa mswaki mkuukuu, udongo uliojificha uchokoe kwa kijiti. Wapo wanaoondoa madoa ya kutu kwa asidi ya oksaliki, lakini ile ni sumu, isikaribie shule. Mimi wekundu ule nauacha, naupenda.

Jasi ya Kilwa ni laini, ukucha tu unaikwaruza, na maji huiyeyusha kidogo kidogo. Hiyo ni brashi kavu ya kupakia rangi, basi. Kinywe usikisugue kabisa. Pulizia vumbi, ukitenge kwenye kisanduku chake kisije kikapaka wenzake weusi.

Kipande cha jiwe la matumbawe ulichookota Mikindani ndicho kinachotaka subira. Kiloweke kwenye maji ya bomba, uyabadilishe kila siku kwa wiki nzima au zaidi, kisha kikaushe kivulini. Chumvi ya bahari ikibaki ndani itatokeza juu na kuwa unga mweupe, na ule unga ukizidi huumenya uso wa jiwe. Siki usithubutu: matumbawe ni chokaa, yatatoa povu, na kingo za vile vitundu vyenye umbo la nyota zitalika mbele ya macho yako.

Vile vito vya ganeti usiving'oe kwenye mwamba wake. Vikiwa peke yake ni punje tu; vikiwa mwambani wanafunzi wanaona vilikozaliwa.

Halafu kile unachosema kinafanana na mfupa, usikioshe wala kukigonga. Mkoa wenu wa Lindi ndio wenye kilima cha Tendaguru, walikochimba Wajerumani mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913 na kuipeleka Berlin. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vinalindwa na sheria, kwa hiyo toa taarifa kwa watu wa mambo ya kale.

Nyuma ya kila jiwe weka tone la rangi nyeupe, uandike namba kwa wino, na daftarini ujaze jina, mahali na tarehe. Anza leo, wakati wanafunzi bado wanakumbuka nani aliokota nini wapi.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako