Kwa Nini Mbwa Wako Tunamfundisha kwa Dagaa na Si kwa Kiboko

Kuna lawama haiishi hapa bandani kwetu Mtwara, tunapofundisha mbwa wa ulinzi: "Nimelipa hela yangu, nakuja kumwona mbwa, nawakuta mnamtupia dagaa. Hiyo nayo kazi?" Juzi mteja wetu wa Shangani kaondoka kanuna, anaamini tumemla pesa. Namjibu yeye, na wengine wenye dukuduku hilo.

Ubishi huu hata nchi za wenzetu upo. Wako wakufunzi wanaomtuza mbwa anapopatia, na wako wanaomwadhibu anapokosea: mnyororo wa kukaba shingo, kiboko, hata kola za umeme, ambazo Wales ilizipiga marufuku mwaka 2010. Wapenda adhabu husema mbwa asili yake ni mbwa mwitu, kwa hiyo lazima aoneshwe nani mbabe. Hoja hiyo ilitokana na mbwa mwitu waliofungiwa pamoja bila kuwa ndugu. David Mech, mtaalamu aliyeieneza kwa kitabu chake cha 1970, aliisahihisha mwenyewe mwaka 1999: porini kundi ni baba, mama na watoto wao.

Na anayeona tuzo ni kudekeza, afike Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini kwa mlio mdogo wa kuwaambia wamepatia, kisha kipande cha ndizi. Panya hao wamefanya kazi kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imesafishwa mabomu hayo.

Dagaa unaowaona si vitafunwa. Ni posho ya siku ya mbwa, na anaipata kwa kuifanyia kazi: kaitwa kaja, anapata papo hapo, kakosea, hapati. Akimrukia mtu tunamzuia kwa kamba ndefu, na "hapana" tukishaisema haibadiliki. Kwa hiyo kukanya tunakanya. Dagaa tunawatupa chini kwa sababu walinzi wengi wa wateja wetu ni Waislamu na hawataki mate ya mbwa mkononi. Mbwa anajifunza vilevile.

Kinachotuharibia kazi ni njia ya mkato. Mwenye ghala mmoja wa korosho alikuwa na mbwa aliyewangurumia wapakiaji. Mlinzi akawa anamchapa kila akinguruma, mpaka akanyamaza, na tajiri akafurahi kwamba sasa ana adabu. Lakini kunguruma ndiko kuonya kwake! Hofu ilibaki palepale, onyo ndilo lililotoka. Siku karani wa mizani alipompita karibu, mbwa hakutoa sauti, akamng'ata paja. Tajiri akalipia matibabu, sindano za kichaa cha mbwa na fidia, halafu ndipo akatuletea sisi. Kumrekebisha mbwa wa namna hiyo ni kazi ndefu kuliko kumfundisha mtoto wa mbwa, na tulimtoza bei maradufu. Alilalamika. Sikupunguza.

Mwingine, wa Mikindani, alikuwa akimwita mbwa wake, akifika anamchapa kwa sababu ya kuku aliyemla asubuhi. Mbwa hawezi kuunganisha fimbo ya jioni na kuku wa asubuhi. Anachojua ni kwamba akiitikia wito anapigwa. Sasa eti hasikii. Wapo pia wanaowatilia mbwa pilipili kwenye chakula ili wawe wakali. Pilipili inamuumiza tumbo, haimfundishi kumjua mwizi.

Bei yetu ni Sh 300,000 kwa mwezi. Najua mjini wapo wanaomaliza kwa wiki moja kwa 80,000. Wiki moja ya viboko inatoa mbwa mwoga, na mbwa mwoga anamuuma mtoto wa jirani kabla hajamuuma mwizi. Katika hela yetu kuna chakula, chanjo ya kichaa kama hana, wasaidizi wanaoshinda juani naye, na masomo ya mlinzi wako.

Hayo masomo sasa ni lazima. Mlinzi asipokuja kujifunza jinsi ya kumwita na kumtuza, mbwa hatumkabidhi, kwa maana tumeshawatoa mbwa wazuri wakaharibiwa getini na mtu ambaye hajaambiwa kitu. Mbwa akirudi kwetu akiwa na alama za fimbo, malipo yanaanza upya. Na wenye maghala, waleteni mbwa mapema, kabla minada ya korosho ya Oktoba haijaanza; malori yakishapanga foleni mlangoni, hapana nafasi ya kumfundisha mbwa kutulia.