Mhariri, Ayubu ana sura 42 sio tatu

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi habari za kazi. Mi gazeti lenu nalinunua Jumapili tu kwa ajili ya ule ukurasa wa neno, na Jumapili iliyopita mwandishi wenu alituandikia habari za Ayubu wa kwenye Biblia, yule aliyepoteza mali, watoto na afya, kwamba alimwamini Mungu, hakulalamika, akarudishiwa kila kitu mara mbili, na sisi tukiamini bila kulalamika tutarudishiwa mara mbili. Nilikuwa nimeshika mkasi nakata kitambaa cha mteja, ikabidi niuweke chini kwanza.

Jamani hakulalamika? Ayubu huyu huyu? Sura ya 3 tu anaanza kuilaani siku aliyozaliwa, sura ya 7 anamuuliza Mungu mbona huniachi hata nimeze mate, anaenda hivo hivo mpaka karibu sura ya 31, yani kitabu kina sura 42 na tunachohubiriwa ni mbili za mwanzo na ya mwisho. Katikati pale kuna sura 39 zimekaa kama chumba cha wageni ambacho hakifunguliwi.

Sisemi haya kwa sababu nimesoma chuo cha Biblia, mi ni fundi cherehani. Ila mwaka juzi nilipoteza mimba ya miezi saba. Nikarudi nyumbani, watu wakaja kunipa pole, na asilimia kubwa walikuja na mdomo. Mmoja ananiambia Mungu ana makusudi, mwingine ananiambia atakupa mwingine, na mmoja wa kanisani kabisa akanisogelea akaninong'oneza nijichunguze mlango gani niliufungua adui akaingia. Huyo wa mlango ndo nilikaa nae kichwani miezi, usiku naamka nahesabu dhambi zangu moja moja nikitafuta huo mlango.

Alafu kuna mama mmoja wa mtaani kwetu, sio hata wa dhehebu langu, alikuja siku ya pili akanisalimia akaenda moja kwa moja uani. Akachukua ungo akaanza kuchambua mchele. Akamaliza akafua kanga zangu zote, akaanika, akaja akakaa pembeni yangu kwenye mkeka mpaka magharibi, akaondoka. Siku nne alifanya hivo na sidhani kama tuliongea maneno ishirini. Sasa mje msome sura ya 2 mwishoni, wale rafiki zake Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walipofika walikaa nae chini siku 7 mchana na usiku hakuna aliyesema neno. Ndo kitu kizuri pekee walichofanya kwenye kitabu kizima! Walivyofungua midomo ndo wakaharibu.

Na kuharibu kwenyewe sio kwamba walisema uongo mtupu. Maneno ya Elifazi ukiyachomoa ukayasoma madhabahuni watu watasema amina, Mungu ni mwenye haki, mwovu huvuna alichopanda, tubu utabarikiwa. Sahihi kabisa. Lakini mwishoni, 42 pale mstari wa 7, Mungu anamwambia Elifazi hasira yangu imewaka juu yako na rafiki zako wawili kwa sababu hamkunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilirudi nyuma nikasoma tena nikidhani nimeruka kitu, maana Ayubu ndo alikuwa anapiga kelele zile zote!

Nikaanza upya na penseli. Nikawa naweka alama kila mahali mtu anaposema NA Mungu, anamwita wewe. Ayubu alama zimejaa. Anaanza anajibu rafiki zake, katikati anawaacha anamgeukia Mungu, kwa nini wewe unanificha uso wako, mikono yako ndo iliyonifinyanga mbona sasa unanibomoa. Elifazi, sifuri. Bildadi, sifuri. Sofari, sifuri, na yule kijana Elihu anayekuja baadae kuongea sura sita mfululizo nae sifuri. Watu wanne wanamwongelea Mungu kwa ufasaha wa kutisha, rafiki yao anaoza kwa majipu mbele yao, na hakuna hata mmoja aliyesema ngoja basi tumwombee. Mwishoni ni Ayubu ndo anaambiwa awaombee wao.

Kumbe unaweza kumjua Mungu kwa habari zake zote na hujawahi kumpigia hodi. Na mi nilikuwa hivo hivo Mhariri, miaka kumi na kitu kwaya, mistari naitaja kwa namba, ila siku ile natoka hospitali sikuwa na neno hata moja la kumwambia, niliona kama nikifungua mdomo nitamtukana, nikanyamaza. Nikawa nasema habari zake kwa watu, nashukuru Mungu, Mungu mwema, huku mimi na yeye hatuongei.

Marehemu bibi yangu asingenielewa. Yeye alikuwa mtu wa Uamsho wa Kikristo, ule ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenda Uganda, Kenya, Bukoba mpaka ukafika huku kwetu Ugogo, wale wa wimbo wa Tukutendereza, wa kutembea nuruni, mtu anasimama kwenye ushirika anasema mbele ya watu niliazima sufuria kwa fulani nikakaa nayo kimya, na kesho yake sufuria inarudi kweli. Bibi akisali kwa Kiswahili ujue ni sala ya kawaida, akihamia Kigogo ujue kuna jambo, na hapo hakuwa na adabu za kanisani, alikuwa anamsema Mungu kama anavyomsema mume wake aliyechelewa kurudi toka shamba. Sisi watoto tunacheka chini ya blanketi. Alizika watoto watatu yule.

Na watu wa Uamsho hawakuwa na hii hesabu ya imani sawa na kulindwa. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alikuwa mtu wao, rais Idi Amin akamuua Februari 1977. Festo Kivengere, aliyewahi kufundisha shule hapa hapa Dodoma kabla hajawa askofu, akakimbia yeye na mke wake kwa miguu usiku kupitia milimani mpaka Rwanda, na baadae akasimama hadharani akasema amemsamehe Amin. Sasa kwa hesabu ya mwandishi wenu Luwum alikosa nini? Alilalamika?

Sijapata jibu la kwa nini, niseme ukweli. Ayubu nae hakupewa. Mungu anapotokea katika upepo wa kisulisuli anaongelea theluji, mbuzi-mwitu wanazaa lini, mbuni anaacha mayai yake mchangani, lile la kwa nini haligusi kabisa, na Ayubu anatosheka, anasema mwanzo nilisikia habari zako kwa masikio bali sasa jicho langu linakuona. Zamani hiyo sehemu ilikuwa inanikera. Sasa hivi hainikeri sana. Asubuhi kabla sijafungua kibanda nakaa na sura moja, namwambia ya moyoni hata kama ni mabaya, kuna siku inaishia kwenye kulia, kuna siku naishia kuwaza bei ya uzi.

Ombi langu ni moja, huyo mwandishi arudi kwenye ile mara mbili ahesabu vizuri. Kondoo 7,000 wakawa 14,000, sawa. Ngamia 3,000 wakawa 6,000, sawa, ng'ombe na punda hivo hivo. Watoto mwanzo walikuwa wana saba na binti watatu, mwisho ni wana saba na binti watatu. Kumi na kumi. Wale wa kwanza hawakurudi na hakuna aliyejaribu kuwafidia kwa ishirini.

Nimeandika kwa simu, nikikosea herufi mnisahihishie tu, ila hiyo hesabu ya watoto msiikate.

Fundi cherehani,
Dodoma