Kabla Hujaipeleka kwa Fundi

Kihonda, Morogoro
16 Machi 2025

Mwalimu mwenzangu na ndugu yangu,

Salamu zako za juzi usiku nimezipokea, pamoja na habari kwamba kompyuta yako inasuasua tangu ulipochomeka flashi uliyotoka nayo steshenari. Nilikuahidi kukuandikia badala ya kukueleza kwa mdomo, kwa sababu kazi hii ina amri zinazopaswa kuandikwa herufi kwa herufi, na kwenye simu mtu hutajiwa nyota akaandika nukta. Barua hii isome kwenye simu yako. Kila amri nimeiweka kwenye mstari wake peke yake, ili uweze kuipitia taratibu, alama kwa alama.

Kwanza nakuomba usiipeleke kwa fundi, walau si wiki hii. Unakumbuka yaliyonipata mimi. Nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini mashine iliyokuwa na maradhi kama ya kwako, akaniambia dawa ni moja tu, kupiga Windows upya, na jioni yake akanirudishia kompyuta ambayo kwa mtu anayeona ilikuwa safi kabisa. Kwangu mimi ilikuwa bubu. NVDA, ile programu inayotusomea skrini kwa sauti sisi vipofu, haikuwamo, maandalio yangu ya masomo ya miaka mitatu hayakuwamo, na ile kamusi ya matamshi niliyoijenga neno kwa neno ili eSpeak, sauti ambayo NVDA hunisomea kwayo, isiendelee kuyatafuna majina ya wanafunzi wangu ilikuwa imekwenda na maji. Nilipomwuliza kisoma skrini changu kiko wapi, alinijibu kwa unyofu kabisa kwamba alisikia mashine inaongea yenyewe, akadhani hicho ndicho kirusi. Nilicheka baadaye sana, si siku ile.

Ugonjwa wako naufahamu, maana ulinitajia dalili yake bila kujua kwamba ni dalili. Ulisema kwamba ukishuka kwa mshale hadi kwenye folda ya mitihani, NVDA inataja jina lake, halafu inaongeza neno "shortcut", yaani njia ya mkato, na ukubwa wa kilobaiti mbili. Folda ya kweli haitajwi hivyo. Kirusi cha aina hii huzificha folda zako halisi kwa kuzipa alama ya faili za mfumo, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale, na unapobonyeza Enter huwa umeamuru mambo mawili kwa pamoja: kirusi kinajipandikiza kwenye kompyuta, na folda yako inafunguka kama kawaida ili usishtuke. Mwenye macho huona kishale kidogo tu kwenye pembe ya ikoni, na wengi hawakioni kamwe. Ndiyo maana kijana wa steshenari anahamisha maradhi kutoka flashi hii kwenda ile tangu asubuhi hadi jioni, ilhali wewe uliambiwa waziwazi na kompyuta yako, kwa sauti, mara ya kwanza tu. Siku nyingine ukilisikia neno hilo mahali ambapo hukuweka njia ya mkato mwenyewe, chomoa.

Sasa tuingie kazini. Hakikisha kwamba NVDA unayotumia imesakinishwa kwenye kompyuta, si ile nakala inayoendeshwa kutoka kwenye flashi. Nakala ya flashi inakufaa kwa kuandika na kusoma, lakini Windows inapoleta dirisha la kuomba idhini ya msimamizi, nakala hiyo haiwezi kulisoma, nawe unabaki unabonyeza vitufe gizani huku ukidhani mashine imeganda. Iliyosakinishwa hulisoma dirisha hilo. Nami nitasema hapa jambo ambalo hutalipenda: ile JAWS, kisoma skrini kingine cha kulipia, uliyoniambia kwamba rafiki yako mmoja anaweza kukupatia bila leseni, iache. Programu iliyovunjwa kufuli ni mlango mpana wa virusi kuliko flashi yoyote, na hatuna sababu ya kuupitia wakati Michael Curran, kipofu mwenzetu wa Australia, aliianza NVDA mwaka 2006 na hadi leo inatolewa bure.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha A. Dirisha la idhini likija, bonyeza Alt na Y. Hapo utakuwa ndani ya PowerShell, chumba cha maandishi matupu kisicho na picha wala rangi, ambamo sisi hatupungukiwi na chochote. Nimejaribu programu kadhaa za kuua virusi ambazo vitufe vyake vyote NVDA huviita "button" tu, bila jina, hata nikabonyeza "button" ya tatu nikiwa sijui kama nimefuta ama nimeruhusu. Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, inaamrishwa kwa maneno, na kwa maneno inajibu. Anza kwa kukizima kirusi kinachozunguka:

taskkill /f /im wscript.exe

Ukijibiwa kwamba mchakato huo haukupatikana, usihangaike, songa mbele. Kisha sasisha orodha ya virusi, jambo linalohitaji intaneti, halafu uanze ukaguzi kamili:

Update-MpSignature
Start-MpScan -ScanType FullScan

Ukaguzi huo ni mrefu. Kwangu ulichukua saa mbili na nusu, nikapika, nikala, nikasahihisha daftari. Mashine itakuwa nzito, na sauti ya NVDA itakuwa ikikatikakatika kama redio ya betri chovu. Usiizime. Ukimalizika, uliza kilichopatikana, kisha kiondoe:

Get-MpThreat
Remove-MpThreat

Orodha ya kwanza hutoka kwa Kiingereza kirefu. Wewe tafuta mstari unaoanza na ThreatName, ndilo jina la mgeni wako.

Baada ya hapo ndipo uchomeke flashi, na usiifungue. Kwa kawaida ukaguzi kamili hauigusi flashi, kwa hiyo inahitaji amri yake. Mimi naandika E nikichukulia kwamba ndiyo herufi ya flashi yako. Kama ni nyingine, badilisha kila mahali, na uwe na hakika nayo kabla ya kubonyeza Enter, kwa kuwa amri ya pili hapa ni ya kufuta.

Start-MpScan -ScanType CustomScan -ScanPath E:\
del E:\*.lnk
attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Ya pili inafuta njia za mkato peke yake, na ya tatu inaziondolea folda zako ule ufiche. Mitihani yako haijapotea, ndugu yangu, imo humo humo siku zote hizi, kwa hiyo asikushauri mtu kuifomati flashi. Ukimaliza, fungua flashi na ushuke kwa mshale: unataka kusikia majina bila lile neno.

Limebaki jambo moja ambalo ndilo lililonisukuma kukuandikia kirefu hivi. Virusi vingine hujificha pale ambapo Defender haivifikii wakati Windows inaendeshwa, na kwa hivyo kuna ukaguzi unaofanyika kabla Windows haijawaka. Hifadhi kazi zako zote, kisha uandike:

Start-MpWDOScan

Kompyuta itajizima na kujiwasha, na kuanzia hapo NVDA itanyamaza. Hakuna kilichoharibika. Ukaguzi huu huchukua kama dakika 15, na ndani yake hutasikia neno. Mara ya kwanza nilidhani nimeiua mashine, nikaishikilia swichi mpaka ikazimika katikati ya kazi, nikalazimika kuanza upya. Mara ya pili nilimweka mpwa wangu wa darasa la tano mbele ya skrini, anitajie kinachoandikwa. Kiingereza chake bado ni cha kusoma herufi moja moja, akawa ananitajia "s, c, a, n", kisha namba za asilimia, na alipofika tisini na nane akaomba ruhusa ya kwenda kucheza. Kama huna mtu karibu, weka kiganja pembeni inapotokea hewa ya feni: maadamu upepo wa moto unatoka, kazi inaendelea. Tega saa ya simu dakika 30, na usiguse kitu mpaka ilie au mpaka usikie NVDA ikiamka yenyewe kwenye skrini ya kuingilia.

Nywila zako za barua pepe na za mfumo wa matokeo zibadilishe kupitia simu, tena leo hii, bila kusubiri ukaguzi uishe. Vaa spika za masikioni unapozibadilisha, maana najua ulivyo na mazoea ya kuiacha simu ikisema kwa sauti ndani ya daladala.

Usafi ukikamilika, nakili mipangilio ya NVDA pamoja na kamusi yako ya matamshi, na kisakinishi chake, uviweke kwenye flashi nyingine ambayo haitatia mguu steshenari. Flashi ya kuchapishia mitihani nunua ya peke yake.

Wasalimie nyumbani, na mama mwambie dawa ya kifua ninaitafuta. Ukianza ukaguzi wa kimya, nitumie ujumbe kabla, ili zisipite dakika 30 nikiwa sijakupigia.

Wako katika ualimu,
Rafiki yako wa Morogoro