Wapeni watoto vifungo kabla ya hesabu za kukopa

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa nguo katika soko la Uhuru, kando ya Barabara ya Jogoo hapa Nairobi, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Wateja wangu wengi ni wazazi wa watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3. Mzazi anapochagua sweta, mimi humpima mtoto huku tukipiga gumzo, na kwa watoto hao nimejifunza mengi kuhusu namna hesabu inavyofundishwa mitaani kwetu. Naandika kwa sababu tunawakimbiza. Wanaandikishwa hesabu za wima kabla namba yenyewe haijawaingia, na pengo hilo nalikuta miaka mingi baadaye kwa vijana waliomaliza Kidato cha Nne wanaokuja kwangu kujifunza ushonaji.

Chukua 52 toa 48. Nimemwona mtoto wa Gredi ya 3 akiipanga wima vizuri kabisa. Upande wa mamoja akakuta 2 juu na 8 chini, na kwa kuwa anajua ndogo hutolewa kwenye kubwa, akaandika 6. Kisha 5 toa 4 ni 1. Jibu lake likawa 16, na akalipigia mstari kwa rula. Huyo si mtoto mvivu wala mjinga, amefuata alichoshika. Ila hakuna aliyewahi kumzoesha kujiuliza 48 na 52 zimeachana kiasi gani. Angezoea hilo, angesema: kutoka 48, mbili nafika 50, mbili tena nafika 52, basi ni nne. Hapo hakuna haja ya kukopa.

Sisi wa sokoni ndivyo tunavyotoa chenji. Sweta ni 650, mzazi ametoa noti ya 1000. Hamsini inanifikisha 700, mia tatu inanifikisha 1000, namrudishia 350. Watoto wetu wanafundishwa kutoa kwa maana ya kuondoa tu: embe tano, tumekula mbili. Kuna kutoa kwa kulinganisha pia. Mwaka jana kiuno chake kilikuwa inchi 22, mwaka huu ni 25. Hakuna kilicholiwa hapo, mtoto amekua, na bado hesabu yake ni ya kutoa. Mtoto akutane na maana zote mbili mapema, tena kwa mambo anayoyaona.

Wazazi wengi hujivunia kwamba mtoto anahesabu hadi 100 bila kukosea. Ni jambo zuri, lakini ulimi unaweza kufika 100 huku wingi wenyewe ukiwa bado fumbo. Mimi humwekea mtoto vifungo 8 mezani, anavihesabu. Kisha navitawanya na kumuuliza ni vingapi sasa. Akianza tena moja, mbili, tatu, bado hajaamini kwamba kusogeza hakuongezi wala hakupunguzi. Akisema 8 papo hapo, naendelea: nafunika vichache kwa kiganja, anabaki akiviona 5, namuuliza nimeficha vingapi. Anayejibu 3 bila kubabaika ameshapata msingi ambao kukariri peke yake hakumpi, yaani anaiona 8 ikiwa na 5 na 3 ndani yake, au 6 na 2, au 4 na 4.

Ningekuwa na uwezo wa kuchagua jambo moja tu la miaka hiyo mitatu, ningechagua kumi. Mtoto azijue jozi za kumi kama anavyojua jina lake: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Akizijua, 8 jumlisha 5 haimtishi, kwa maana atachukua 2 kwenye ile 5, atimize kumi, na 3 iliyobaki impe 13. Kisha afunge vijiti kumi kumi kwa mpira. Vifurushi 3 na vijiti 4 ni 34, anavishika kwa mkono wake. Ameongeza vijiti 8? Vijiti vimekuwa 12, kumi vinafungwa kuwa kifurushi kipya, viwili vinabaki, jumla ni 42. Huko ndiko kubeba. Kukopa ni kufungua kifurushi. Mwalimu akiyaandika ubaoni baada ya hapo, mtoto anaona habari anayoijua tayari. Akiyaandika kabla, mtoto anaona amri.

Pesa ingefanya kazi hiyo hiyo, na zamani tulifundishwa nayo kila tulipotumwa dukani. Sarafu zilizotolewa mwaka 2018 zinafaa sana kwa watoto kwa sababu ya wanyama wake: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, ndovu kwenye 20. Twiga kumi kwa simba mmoja, simba wawili kwa ndovu mmoja. Lakini tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, malipo mengi yamehamia kwenye simu, na mtoto wa Nairobi anaweza kukua akimwona mama akinunua kila kitu bila sarafu kupita mkononi. Mzazi atenge sarafu chache za nyumbani kwa ajili hiyo, na amwache mtoto azishike, azipange, azibadilishe.

Sasa nije kwenye tepu, maana hapo ndipo ninapoumia. Vipimo vimo katika mtaala wa umilisi tangu Gredi ya 1, pamoja na namba na jiometri. Hata hivyo nawapata vijana wakubwa wanaoanza kupima kwenye alama ya 1 badala ya kwenye ncha, na kitambaa kinakatwa kikiwa kifupi kwa inchi nzima. Kisa ni kwamba walifundishwa kuhesabu mistari, ilhali inchi ni ile nafasi iliyo kati ya mstari na mstari. Shati langu lina vifungo 6, na kutoka kifungo cha juu hadi cha chini ni inchi 20. Mwambie mwanagenzi agawanye. Karibu kila anayeanza hugawanya kwa 6, akapata desimali isiyokwisha, akakuna kichwa. Vifungo 6 vina nafasi 5 katikati yake, na 20 kwa 5 ni inchi 4 kamili. Mtoto wa Gredi ya 1 anaweza kulielewa hili akinyoosha kiganja: vidole vitano, mianya minne. Apime dawati kwa shubiri, apime darasa kwa hatua, aone kwamba shubiri yake na ya mwalimu hazitoi jibu moja, na ndipo apewe rula. Na kabla ya kupima, akadirie kwanza. Mtoto anayesema dawati lina shubiri kama saba hivi, kisha akapima, hawezi kukubali jibu la 70 likimtokea daftarini.

Nusu na robo zifundishwe kwa kukunja. Karatasi ya gazeti inatosha. Ikunje katikati upate nusu, ikunje tena upate robo, ifungue uhesabu sehemu nne zilizo sawa. Hapo mtoto hatakuja kudhani robo ni kubwa kuliko nusu kwa vile 4 ni kubwa kuliko 2. Mimi nakata sketi kwa kugawanya kipimo cha nyonga kwa nne na kuongeza nafasi ya mshono, na anayeielewa robo kwa mikono hanisumbui hata siku ya kwanza.

Alama ya sawa nayo inahitaji uangalifu. Waandikie watoto 8 + 4 = __ + 5 na wengi watajaza 12, kwa kuwa wamezoea kuichukulia kama kengele ya kuleta jibu. Waonyeshwe mizani, pande mbili zenye uzito mmoja, na 7 itakuja yenyewe. Jedwali la kuzidisha lisubiri mpaka mtoto ameruka kwa 2, kwa 5 na kwa 10 kwa muda wa kutosha.

Najua pingamizi. Mzazi anataka kuona daftari limejaa. Shule moja ya binafsi mtaani ninakoishi huwapa watoto wa Gredi ya 1 kurasa nzima za hesabu za wima kila jioni, na hilo ndilo linalowavutia wateja wake. KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, imeondoka, ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, lakini haraka yake imebaki. Mwalimu wa darasa lililofurika naye hawezi kumzungukia kila mtoto na vijiti, hilo siwezi kulipuuza. Lakini watoto wawili wawili wanaweza kufichiana vifuniko vya soda wenyewe huku yeye akipita. Na tafadhali wasizuiwe kutumia vidole. Mtoto ataviacha mwenyewe siku ambayo hatavihitaji tena, na kumchapa kunamfundisha tu kuvificha chini ya dawati. Vilevile mwalimu akiona mtoto amekwama kwenye swali la maelezo lililoandikwa kwa Kiingereza, amsimulie kwa Kiswahili kwanza, kwa sababu mara nyingi kilichomshinda ni kusoma.

Kwa walimu wa madarasa ya chini mlio karibu na Barabara ya Jogoo: sisi mafundi hubaki na vifungo vingi visivyo na wenzake, na vipande vya tepu zilizokatika. Nitakayemwona akihitaji, nitampa bure. Nanyi wazazi, kwenye mkutano ujao wa darasa msiulize mtoto amefika ukurasa wa ngapi. Mwombeni mwalimu amwite mtoto mbele yenu atengeneze 34 kwa vijiti, halafu aeleze kwa mdomo wake amefikaje 13 kutoka 8 na 5.

Fundi wa sare,
Soko la Uhuru, Nairobi