Dodoso la siri lilivyoninyima ushahidi

Ndugu Mhariri,

Katika toleo lenu lililopita, safu ya ajira iliwashauri wafanyakazi wasiogope kumweleza bosi ukweli hata kama ni mchungu, kwa kuwa sheria inawalinda. Sheria ipo, sibishi. Ila haimlindi kila afunguaye mdomo, na hata anayelindwa anaweza kuipoteza kinga yake kwa namna alivyosema tu. Nimekuwa mwajiriwa kwa miaka 19, na mwaka mmoja na ushee kati ya hiyo niliutumia kujifunza kwa taabu jambo ambalo safu ile ingelieleza kwa aya mbili.

Kazini kwetu liliwahi kuletwa dodoso. Juu kabisa, kwa herufi nene, liliandikwa kwamba majibu ni siri na jina halitakiwi. Swali la kwanza: uko idara gani? La pili: umefanya kazi hapa miaka mingapi? Idarani tulikuwa watu sita, na mwenye zaidi ya miaka kumi nilikuwa peke yangu. Siku ile hilo halikunijia kabisa. Nikajaza kwa moyo mkunjufu kwamba saa za ziada za miezi mitatu hazijalipwa, na kwamba mkuu wa idara anagawa zamu kama mtu anayegawa zawadi.

Wiki mbili baadaye, kikaoni, mkuu alifunua daftari lake akasema, "Kuna wanaosema nagawa zamu kama zawadi." Hakunitazama. Wenzangu wakacheka, nami nikainamia kalamu yangu kana kwamba ndiyo kwanza naiona.

Hakunifukuza. Watu hudhani kisasi kazini ni kufukuzwa, kumbe kufukuzwa ni nadra, maana kunaacha karatasi nyingi mno. Mimi nilihamishiwa zamu ya usiku "kwa mahitaji ya kazi". Nikatolewa kwenye kundi la WhatsApp la idara, nikauliza, nikarudishwa, nikatolewa tena. Tathmini yangu, ambayo miaka minne mfululizo ilikuwa 4 kati ya 5, ikashuka hadi 2, na maelezo yake yalikuwa maneno matatu: Hashirikiani na timu. Kisha ikaja barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nilichelewa dakika nane. Ukilitazama kila jambo peke yake, ni dogo na lina jibu lake. Ukiyaweka pamoja, ni kukomolewa.

Nilipompelekea mkasa huu mtu anayezijua sheria za kazi, aliniuliza swali moja tu lililonikata maini: "Mwajiri alijuaje kwamba ni wewe uliyelalamika?" Nikasema, si nilijaza dodoso! Akaniuliza tena, "Lenye jina lako?" Nikanyamaza. Dodoso lile lilikuwa na uwazi wa kutosha kunianika, na siri ya kutosha kuninyima ushahidi. Mkuu wangu angeweza kusimama mbele ya msuluhishi yeyote na kuapa kwamba hakujua nani aliandika nini, na nisingekuwa na cha kumjibu isipokuwa kile kicheko cha kikaoni.

Hapa ndipo safu yenu ilipopita haraka. Karibu kila mahali penye sheria ya namna hii, mlalamikaji huulizwa mambo yaleyale: je, ulilolifanya ni jambo linalolindwa, je, mwajiri alilijua, na je, madhara yaliyokupata yametokana na hilo. Kuhusu la tatu, wengi wetu tuna hadithi ndefu. Tunakwama kwenye la kwanza na la pili.

Nianze na lile la kwanza. Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unasema kwamba kumlalamikia mwajiri kwa kuvunja sheria, au kushiriki katika shauri dhidi yake, si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Nchi nyingi hazijauridhia, lakini wazo lake limeingia katika sheria za wengi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema karibu hayohayo, ila inaongeza kwamba kinga haipo kama malalamiko yamethibitika kuwa ya kizembe na yasiyo na msingi. Tanzania, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, si haki kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria au mkataba, wala kwa sababu amekataa kutenda jambo ambalo mwajiri hana ruhusa ya kumtaka alitende. Mkataba namba 190 wa 2019, unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, unakwenda mbali zaidi: unataka walindwe na mashahidi pia, siyo mlalamikaji peke yake.

Tazama kinachotajwa humo: haki, sheria, mkataba, unyanyasaji. Hakuna palipoandikwa "maoni kuhusu bosi". Ukimwambia mkuu wako kwamba vikao vyake vinachosha, kwamba mkakati wake ni wa kukurupuka, kwamba aliyemtangulia alikuwa bora, huenda unasema kweli tupu, na huenda wenzako wote wanakubali kwa kichwa chini ya meza. Lakini hayo ni maoni, na akikununia kwa ajili yake, mahali pengi sheria haina la kukusaidia. Ukimwambia kwamba saa za ziada hazijalipwa, kwamba mashine haina kinga, kwamba mwenzako anashikwashikwa, umelalamika, na hapo mambo yanabadilika. Katika dodoso langu niliyachanganya yote mawili: lile la saa za ziada lilikuwa na uzito wa kisheria, lile la zawadi lilikuwa mbwembwe zangu tu. Na bila shaka ni mbwembwe ndiyo iliyomuuma.

Waajiri wanaijua tofauti hii kuliko sisi. Ndiyo maana hupenda kutuita "tutoe maoni". Ni neno laini, halina tarehe wala halidai jibu.

Marekani wana kipengele kingine ninachokipenda. Sheria yao ya mahusiano ya kazi ya 1935 huwalinda wafanyakazi wanaosema kwa pamoja kuhusu mishahara na mazingira ya kazi, hata kama hawana chama. Anayejisemea mwenyewe tu kuhusu jambo lake mwenyewe, sheria hiyo kwa kawaida haimlindi. Anayesema kwa niaba yake na wenzake, inamlinda. Na wasimamizi wenyewe hawamo, kwa hiyo meneja wa Marekani anayewatetea watu wake yuko juani zaidi kuliko wao.

Kuhusu madhara, sitasahau kesi ya mwanamke aliyeajiriwa na kampuni ya reli ya Burlington Northern huko Memphis, Marekani, kuendesha folklifti, yaani gari la kunyanyulia mizigo, kwenye yadi. Mwaka 1997 alimlalamikia msimamizi wake kwa kauli za kudhalilisha wanawake. Msimamizi aliadhibiwa, lakini mwanamke naye akaondolewa kwenye folklifti akapelekwa kwenye kazi za sulubu za relini. Alipopeleka malalamiko kwenye tume ya serikali, akasimamishwa siku 37 bila mshahara. Baadaye kampuni ilikiri kwamba haikupaswa kumsimamisha, ikamlipa zile siku, kisha ikajitetea kwamba hakupoteza kitu: mshahara uleule, cheo kilekile. Mahakama ya Juu ya nchi ile ilikataa mwaka 2006. Ilisema kisasi ni tendo lolote linaloweza kumfanya mfanyakazi mwenye akili zake asite kulalamika. Ikatoa mfano kwamba kubadilishiwa ratiba kwa wengi si kitu, lakini kwa mama mwenye watoto wa shule ni jambo zito. Nilipousoma mstari huo niliikumbuka zamu yangu ya usiku.

Ila mahakama hiyohiyo ilisema pia kwamba kununiwa na vijembe vya kawaida vya kazini havihesabiwi. Kwa hiyo lile la WhatsApp, kama lingekuwa peke yake, lisingenifikisha popote. Limenisaidia kwa kuwa liliambatana na mengine na lilikuwa na tarehe.

Tarehe ndizo zilizoniokoa, kwa kiasi nilichookoka. Yule mtaalamu alinishauri niache kuhangaika na dodoso, niandike barua. Ukurasa mmoja, jina langu, sahihi yangu: siku hizi na hizi nilifanya saa za ziada, sijalipwa, naomba malipo. Alinikataza neno "ubaguzi" kwa kuwa sikuwa na ushahidi wake, akanikataza pia kutaja tabia ya mkuu. Nikapeleka nakala mbili kwa afisa utumishi, nikamwomba anigongee muhuri wa kupokea kwenye ile ya kwangu. Alisita, akauliza kuna haja gani ya urasmi wote huo kati yetu. Nikasubiri pale mezani hadi akautoa muhuri kwenye droo.

Kuanzia siku ile hakuna aliyeweza kusema hakujua. Nilianza pia kuandika kijidaftari nyumbani, si kwenye kompyuta ya ofisi: tarehe, nani alisema nini, nani alikuwepo. Nikatafuta nakala za tathmini zangu za nyuma, zile zilizokuwa za kwangu kihalali. Niliambiwa nisichukue hata karatasi moja ya kampuni isiyonihusu, kwa sababu ningewapa wao sababu nzuri ya kunifukuza, na ingekuwa ya haki.

Na muda. Dirisha la kupeleka shauri ni dogo kuliko watu wanavyofikiri. Tanzania, kwa mfano, aliyeachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nawafahamu watu waliozimaliza zote wakisubiri bosi apoe.

Mtaniuliza yaliishaje. Saa za ziada nililipwa, pungufu kidogo. Zamu ilirudi ya mchana baada ya barua ya pili. Ile 2 kwenye tathmini ipo mpaka leo, na sikupandishwa daraja mwaka ule. Mkuu wangu bado ni mkuu wangu, tunasalimiana.

Naomba msichapishe jina langu. Najua inachekesha baada ya yote niliyoyasema, lakini kwenu natoa maoni.

Mwezi uliopita dodoso lililetwa tena. Maneno yaleyale ya siri juu, idara, miaka kazini. Kwenye kisanduku cha mwisho, cha maoni mengine, nikaandika: "Rejea barua yangu yenye muhuri wenu wa kupokelewa. Nakala ninayo." Halafu nikaandika jina langu kamili na kutia sahihi.

Mfanyakazi, miaka 19 kazini
(Jina na anwani vimehifadhiwa)