Dawa ya nano haiendi moja kwa moja, damu njo inaamua

Bwana Mhariri,

Juma lililopita gazeti yenu iliandika kama chembe za nano, vile vipande vidogo sana visivyoonekana kwa macho vinavyobeba dawa, zikishaingia mwilini zinaenda moja kwa moja kwenye kansa na kuacha viungo vingine salama. Tafadhali mrekebishe hapo, juu watu wenye mgonjwa nyumbani wanasoma hayo na wanaanza kuuzisha shamba ili waende kutafuta hiyo dawa mbali.

Mimi natumika labo hapa Bukavu. Chembe ikiwa bado kwenye kichupa iko safi, lakini ikigusa tu damu, hata dakika haijaisha, proteini zinaivalisha koti, albumini, fibrinojeni, zile za kinga na zingine mingi, na seli zinaona hilo koti, hazioni tena kile kilichotengenezwa kiwandani. Koti lingine linaita seli za ini na bandama zije kumeza chembe mbele ifike kwenye uvimbe. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya majaribio ya miaka 10, yale ya wanyama wa labo, wakakuta kwa kawaida ni 0.7% tu ya dozi njo inafika kwenye kansa. Zero nukta saba!

Sisemi nano ni uongo, hapana. Patisiran, dawa ya nano ya ugonjwa wa urithi wa mishipa ya fahamu iliyokubaliwa Marekani 2018, inategemea kabisa proteini moja ya damu, apolipoproteini E, iishike ndipo iingie kwenye ini, na ni kwenye ini njo inatakiwa. Na amfoterisini, dawa ya kuua kuvu, ile ya kufungwa ndani ya vijiputo vya mafuta vya nano haiumizi figo sana kama ile ya zamani, ndiyo maana 2022 OMS (Shirika la Afya Duniani) ilipendekeza dozi moja kubwa kwa wenye UKIMWI waliopata meningiti ya kriptokoki, ugonjwa wa kuvu kwenye utando wa ubongo, baada ya kujaribiwa Malawi, Uganda, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini, kwa wagonjwa wa kwetu Afrika.

Hiyo njo naililia, dawa ijaribiwe kwa damu ya watu wetu. Tukizungusha damu kwenye mashine, maji ya juu hayafanane: ya mwenye macho ya manjano ni kama chai kali, ya mwenye chembe nyekundu za damu zimepasuka inakuwa ya pinki, ya mtu alitoka kula mafuta ni meupe meupe, na mtoto wa utapiamlo albumini yake iko chini sana, sasa chembe ile ile moja itavaa koti tofauti kwa kila mmoja wao, na watafiti walishaonyesha kama ugonjwa unabadilisha hilo koti.

Basi siku mwandishi wenu atapata daktari ao kampuni inayosifu dawa mpya ya nano, amuulize: mliijaribu kwenye damu ya nani? Yuko mwenye malaria ndani? Yuko mtoto mwenye utapiamlo? Na jibu mliandike hata kama ni hapana.

Msomaji wenu, Kadutu, Bukavu