Tovuti zijaribiwe nasi tusioona, tukiwa kwetu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na ofisi zinazotengenezesha tovuti za huduma kwa wananchi. Mimi sioni tangu utotoni, na kompyuta yangu inanisomea skrini kwa NVDA, programu ya bure iliyoanzia Australia mwaka 2006.

Hivi karibuni ofisi moja iliniomba nijaribu tovuti yake nikiwa nyumbani, wao wakinifuatilia mtandaoni. Wazo zuri kabisa. Ukimwita asiyeona hotelini Dar es Salaam ukamkalisha mbele ya kompyuta asiyoizoea, unachopima ni uvumilivu wake.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta fomu ya maombi. Nikabonyeza H, herufi inayoturusha kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine. Hakuna kichwa hata kimoja! Mtengenezaji alikuza maandishi na kuyakoleza tu bila kuyatambulisha kama vichwa, jambo ambalo jicho huliona na NVDA hailioni. Nikashika Tab ya kibodi, nikapita vitufe vya ukurasa visivyo na jina, kimoja baada ya kingine. Menyu nayo hufunguka kwa mwenye kuipitishia kipanya juu yake tu, ilhali WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka tangu 2008 kila kitu kifikiwe kwa kibodi. Msimamizi akashindwa kujizuia: "Mzee, bofya pale juu kulia." Jaribio likafia hapo. Juu kulia kwangu ni wapi?

Msimamizi anyamaze, aandike kila mahali mtu anaposita. Akitaka kuuliza, apige simu ya kawaida: nitaiweka sikio moja, kompyuta iseme kwenye sikio la pili. NVDA na yeye wakiongea pamoja kwenye spika moja simsikii yeyote. Bando na posho alipe mwenye kazi, maana hii ni kazi kama ya fundi mwingine yeyote. Na waitwe pia wenye uoni hafifu wanaokuza skrini, na ambao mikono yao haiwezi kipanya.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, kwa hiyo hatuombi hisani. Tuiteni kabla mgeni rasmi hajazindua tovuti. Mimi niliitwa mkandarasi akiwa ameshalipwa pesa zake zote, na menyu ile hadi ninapoandika barua hii haifunguki.

Mwalimu mstaafu,
Tanga